Tumbo la Meli ya Karatasi

Meli ile haikuwa na tumbo, na aliyegundua kwanza ni mdogo wangu, si mimi. Naliweka hilo mbele kwa sababu yeye mwenyewe alikuja kulisema vingine, nikiwa nimesimama pale, na tangu siku ile sijamsahihisha mbele ya mtu yeyote.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, tulipokuwa tukilima pamba ya lazima nje kidogo ya Kasongo. Baba alikufa, mama naye hakukawia kumfuata. Mimi ndimi mkubwa wa wanne. Niliacha shule darasa la tatu ili nishike shamba la baba, maana kapita, msimamizi wa pamba, hakujali kama mwenye shamba yuko hai au amezikwa. Mdogo wangu anayenifuata alibaki shuleni kwa mapadri. Wadogo zetu wawili wa kike walichukuliwa na shangazi aliyekaa kijiji cha Wamaza, kwenye njia ya Kabambare. Siku walipoondoka niliwaambia kwamba nitawarudisha nikipata nyumba isiyovuja.

Nyumba ya namna hiyo ilikuwapo. Padri aliyesimamia atelie, yaani karakana, ya useremala aliwapa mafundi wake wenye watu wa kutunza vyumba viwili vya matofali, na bati juu. Mwaka ule alitangaza baada ya misa kwamba atachukua kijana mmoja wa kujifunza kazi, awe amesoma au hakusoma, na atamchagua kwa kuangalia kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Mdogo wangu alinikuta shambani, akihema kwa mbio.

"Yaya, hii ni ya kwako," aliniambia, maana kwetu kaka mkubwa huitwa yaya. "Miye niko na shule yangu."

Tayari alikuwa na kitu cha kutengeneza. Kwa likizo ile padri alikuwa amewagawia wanafunzi karatasi ngumu zilizotoka Ulaya, za kukata na kubandika. Wengine walipata kanisa, mmoja alipata daraja. Mdogo wangu alipata meli ya vita.

"Tutaijenga pamoja, tutaipeleka," alisema. "Nitamwambia Padiri: fundi ni huyu, yaya wangu."

Nilikuwa sijaona bahari, wala meli ya vita, hata kwa picha. Lakini karatasi zile zilinishika. Kila kipande kilikuwa na namba, na kwenye vipande vidogo kabisa walichora madirisha ya mviringo, minyororo, hata misumari. Kisu changu kilikuwa kipande cha msumeno nilichokinoa juu ya jiwe. Nilijifunza kwamba kabla ya kukunja lazima upitishe mgongo wa kisu juu ya mstari, polepole, bila kukata, ndipo karatasi inakunjika pale unapotaka. Mizinga tuliisokota juu ya njiti za mchikichi, gundi ikikauka tunachomoa njiti. Gundi yenyewe ilikuwa unga wa muhogo uliopikwa mpaka ukavutika. Asubuhi moja tulikuta mende wamekula chumba cha nahodha. Tangu hapo tulitia maji ya pilipili ndani ya gundi, na mende wakatuachia.

Kilichonisumbua zaidi ni ukingo. Ukikata karatasi, ukingo unaonyesha weupe, na weupe huo ndio unaosema kwamba hiki ni karatasi, si chuma. Niliupaka masizi na majivu kwa ncha ya unyoya wa kuku, kipande baada ya kipande. Mvua ikinyesha karatasi zililegea na kujipinda, kwa hiyo tuliiweka meli kwenye uchaga juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu. Moshi uliibadilisha rangi. Ikawa kama meli iliyotoka vitani kweli.

Maelezo yalikuwa ya Kiflama, lugha nyingine ya Wabelgiji, na mdogo wangu alijua Kifaransa kidogo tu. Tulifuata namba. Mwisho tukabaki na kipande kimoja bapa, kirefu, chenye umbo la samaki, na hatukujua ni cha nini. Mdogo wangu aligeuza kila karatasi, mbele na nyuma.

"Yaya, tumbo haiko."

"Tafuta vizuri."

"Nimetafuta. Iko juu tu. Watu wa posta wameiba tumbo."

Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Meli iliishia pale maji yanapoanza. Mtu aliyekulia karibu na Lualaba hawezi kuiangalia meli ya namna hiyo akatulia.

"Itakaa namna gani mu maji?" nilimuuliza.

"Si unajua mitumbwi ya Nyangwe, kwa babu? Tengeneza tumbo weye."

Nikalitengeneza. Nilikata katoni ya sabuni, nikaipinda juu ya mbavu za mianzi myembamba, nikafuata mstari niliouona kwa babu yetu mzaa mama, aliyechonga mitumbwi. Niliipaka nta ya mabaki ya mishumaa ya kanisa, mara mbili, na ndani nikapanga mawe madogo ya mtoni ili isipinduke. Halafu nikaibandika chini ya meli ya Wazungu, na huwezi kuona ilipounganishwa.

Tuliijaribu kwenye kidimbwi ambamo wanawake huloweka muhogo. Mmoja wao alisimama, mikono kiunoni.

"Ninyi watoto wa marehemu, hiyo meli inaenda kupiga nani?"

"Inaenda kupiga kapita," alijibu mdogo wangu.

"Basi, isizame mbele ya kufika kwake."

Haikuzama. Ilikaa wima kati ya mihogo, mizinga ikielekea ng'ambo, na mdogo wangu akanishika bega. "Padiri akiona hii," alisema, "watoto wanarudi."

Siku ya kuipeleka niliibeba mimi, kichwani, ndani ya kikapu, imefunikwa kwa kitenge cha mama, kwa sababu yeye aliogopa kujikwaa. Alivaa shati la shule. Mimi nilivaa nguo yangu ya shamba iliyofuliwa. Tulipofika barazani alichukua kikapu.

"Ngoja hapa kwanza, yaya. Nitakuita."

Mlango ulibaki wazi. Padri aliinua meli, akaizungusha, akahesabu mizinga kwa ncha ya kidole, na nilijua ameipenda. Kisha akaigeuza chini juu na akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alisema Kiswahili chetu vizuri.

"Na hii tumbo? Nani alitia?"

Akamweleza kwamba meli hii imetengenezwa bila tumbo makusudi, ikae juu ya meza, na kile kipande bapa ndicho kitako chake. "Meza ndiyo bahari," alisema. Nilielewa mara moja, pale nje. Kosa ni kosa, linatengenezwa. Nilipiga hata hatua moja kuelekea mlangoni ili niseme kwamba nitaliondoa bila kuharibu juu.

Ndipo mdogo wangu akajibu.

"Ni mutu mumoja wa kule kwetu alitia mukono, Padiri. Hakusoma. Nilimukatalia, hakusikia."

"Na hizi mizinga?"

"Ni miye."

"Yote?"

"Yote, Padiri."

Padri aliniona. "Na yule?"

"Ni mupagazi. Amenibebea tu."

Kwetu, neno pagazi si jina la kazi tu. Wazee waliotuzaa walilijua kwa shingo zao, zilizofungwa minyororo ya misafara, na baba alikuwa akikataza lisitamkwe ndani ya nyumba.

Padri akamuuliza kama ana watu wa kutunza. Alisema wazazi walikufa, yuko peke yake. Padri akasema basi, hahitaji nyumba, atapata kitanda kwa vijana wa atelie, aanze Jumatatu.

Mdogo wangu alitoka na meli hadi barazani ili aliondoe lile tumbo, padri nyuma yake, wala hakunitazama usoni.

"Nipe kisu."

Ningeweza kusema. Padri yule alichukia uongo kuliko wizi. Angemfukuza atelie na shule pamoja, na shule ile niliilipa kwa kuinama shambani toka baba alipozikwa. Nilimpa kisu. Alipiga magoti pale kwenye saruji na kukata mahali pale pale nilipounganisha, na alipajua vizuri kwa sababu alinishikia taa ya mafuta nilipokuwa nikibandika. Mawe yangu yalimwagika yakabingirika mpaka miguuni mwa padri.

"Uchafu abebe mupagazi," alisema padri, akimpigapiga mdogo wangu begani, na akaingia ndani na meli.

Mdogo wangu alinipa tumbo, kisha kisu. "Yaya," alisema kwa sauti ya chini, "nitakueleza." Hajanieleza. Kila Jumapili tulikutana kanisani, yeye akiwa amekaa na vijana wa atelie, ananisalimu, naitika. Meli iliwekwa juu ya kabati sebuleni kwa mapadri, na wageni walioletwa kuiona walionyeshwa pia kijana aliyeitengeneza.

Wiki ile ile nilikwenda Wamaza kwa miguu. Shangazi alikuwa amekwisha kuwaambia watoto kwamba ninakuja kuwachukua, na nililazimika kuwaambia mwenyewe kwamba nyumba haipo. Nilikuwa nimechukua lile tumbo, kwa sababu tulipokuwa tukiijenga niliwatumia habari kwamba nitakuja na meli. Yule mdogo kabisa aliliweka ndani ya beseni la shangazi. Lilielea, tupu, likiyumba kidogo kwa kukosa mawe.

"Na juu yake iko wapi?"

"Imebaki kwa kaka yenu."

"Atatuletea?"

Nilimwambia hapana. Alilitazama kidogo, akalitoa majini, akalipangusa kwa nguo yake. Kisha akaenda kukunja mkeka wake, na dada yake akakunja wa kwake, wala hawakuniuliza tena juu ya nyumba. Tuliondoka wote watatu kabla jua halijawa kali. Mvua ya kwanza ilitukuta chini ya paa lile lile la baba, na kila lilipovuja yule mdogo alikwenda kutega lile tumbo.