Alichora na Njia ya Matete

Yule mchoraji aliyekaa ukingoni mwa Kilombero, upande wetu wa Ifakara, amekufa juzi kwa kikohozi na njaa. Tulimzika watu wanne, na wawili kati yetu walikuja kwa sababu katekista aliwaamuru. Naandika habari zake kwa kuwa wasomaji wengi wa gazeti hili mlimcheka zamani, halafu mkamchukia, na sidhani kama kuna aliyewahi kumwuliza neno. Mimi nilimwuliza.

Alikuwa mpagazi wa Mdachi mmoja mpima ardhi. Huyo bwana alipoondoka alimwachia kibati cha rangi, zile za kuchanganya na maji, na kazi yenyewe alikuwa amekwisha kumfundisha. Tangu hapo kila asubuhi, kabla jua halijawa kali likakausha rangi upesi, utamkuta amekaa chini, analowesha karatasi, anachora picha isiyozidi kiganja: milima ya Udzungwa na ukungu wake, mbuga, mpunga, mivumo mirefu kama minazi. Wanawake tukipita na majembe tulimchokoza. "Wenzio wanalima, wewe unapaka uji kwenye karatasi! Mkeo atakula nini?" Naye bila kuinua macho: "Atakula mlima, shangazi. Mlima hauishi." Siku moja nilichungulia nikaona shamba langu limo, na magugu yake yote. Nikamwambia ayatoe, ananiaibisha. Akakataa. "Yapo, bibi. Bwana alinifundisha, ukiacha kitu kilichopo umesema uongo." Niliona haya, nikaenda kuyapalilia. Kesho yake akachora tena, shamba safi.

Halafu vita ikaja. Wanaume walikunywa yale maji ya kuzuia risasi za Wadachi, wakaenda, na wengi hawakurudi. Hayo mnayajua, na mhariri akitaka kuyafuta na afute. Sisi wanawake tulichukua mpunga tukauficha kwenye kisiwa kikavu katikati ya mbuga ya tope na matete. Tulipita usiku na mchana, mizigo kichwani, mpaka matete yakalala na njia ikaonekana. Ukiwa kijijini huioni. Ukiwa pale alipokaa mchoraji, unaiona yote. Naye alikaa pale kama kila asubuhi, akachora alichokiona. Karatasi alizipata kambini kwa askari, na kila mwisho wa juma alipeleka picha zake, mkubwa wa kambi achague aipendayo. Vita imeingia, naye akaenda vilevile, kama mtu anayekwenda kisimani. Siku ya tatu askari walikuja. Hawakuuliza mtu, hawakumpiga mtu, waliingia kwenye matete moja kwa moja. Mpunga ukiungua unanukia kama unapikwa, na watoto wadogo walifurahi, wakadhani kuna karamu. Kabla ya mvua kurudi nilikuwa nimemzika binti yangu na wanawe wawili.

Nikamfuata mtoni na fimbo yangu. "Nani aliwaonyesha askari?" Hakujificha. "Picha, bibi." "Kwa nini hukuiacha ile njia?" Akasema, "Ilikuwepo." Nikamwambia, "Na sisi je? Sisi hatukuwepo?" Fimbo nilikuwa nimeinua. Akainamisha kichwa apigwe, nami sikumpiga. Afadhali ningempiga. Tangu siku ile hakwenda tena kambini. Alichora kila asubuhi, akimaliza anaitumbukiza picha mtoni mpaka karatasi inakuwa nyeupe, anaianika, kesho anachora juu yake tena, mpaka inachanika. Nikipita ananiamkia, "Shikamoo, bibi," nami napita kimya. Nilifanya hivyo mpaka alipokufa. Hata alipokuwa hawezi tena kusimama, aliniamkia amelala mlangoni, nami nikatazama mbele.

Nimefikiri sana, kwa kuwa sina jingine la kufanya. Mbegu hakuna, na mikono ya kulima hakuna. Yule hakuwa msaliti, wala hakuwa mwongo. Alifundishwa kutazama kila kitu, hakufundishwa kumtazama anayepokea. Leo vijana wetu wanafundishwa kuandika, kupima mashamba, kuandikisha majina ya watu nyumba kwa nyumba, na wanajivuna kwamba hawakosei. Wasikosee, ni sawa. Lakini kabla hujaitoa kazi mkononi mwako, umjue aitakaye, na ujue anaitakia nini. Mkidhani ni neno dogo, njoni niwaonyeshe makaburi matatu.

Fundisho la pili ni langu mwenyewe, wala silipendi. Walipokwisha kufukia, wenzangu watatu wakaondoka, nikabaki peke yangu nikasema, "Marahaba." Nilisema kwa sauti, mara mbili. Yeye haikumfaa kitu, na mimi haijanifaa.