Zima Injini Kwanza, Ndugu

Saa mbili na robo asubuhi, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Foleni ya magari imeshapinda kona ya karakana, na Euphrasia Komba amesimama mbele ya teksi aina ya Peugeot, ufito wa mwanzi mkononi. Siku haijaanza vizuri, na tayari ameshakasirika.

"Ndugu, hii keria ya juu inatoka au haitoki?"

"Inatoka, dada."

"Basi itoe."

"Inatoka kwa shida. Bolti zimeshika kutu."

"Kwa hiyo haitoki."

"Inatoka. Ila siyo leo."

Euphrasia anavuta pumzi ndefu. Ufito wake umefungwa kitambaa chekundu kwenye kimo ambacho brashi ya juu ya mashine ya kuoshea magari haiwezi kukipita. Gari likipita chini ya kitambaa bila kukigusa, linaoshwa. Likikigusa, linarudi lilikotoka. Keria ya ndugu huyu inakifagia kitambaa kama ufagio wa chelewa, na mwenyewe anageuza gari huku akiwaambia wenzake kwamba mama huyu ana roho mbaya.

"Roho mbaya sikuzaliwa nayo," anasema Euphrasia, akijifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Nimeipata hapa hapa kazini."

Ana umri wa miaka thelathini na minane. Alizaliwa kijiji kimoja karibu na Peramiho, Songea, akaja Dar es Salaam mwaka 1966 akimfuata mumewe aliyekuwa karani wa reli. Mume alifariki mwaka 1975. Euphrasia akabaki na watoto watatu, chumba kimoja cha kupanga Mchikichini, na kazi ya kupika chai kwenye kantini ya karakana hii ya umma.

Mwaka uliofuata mashine ya kuoshea magari ikaletwa ndani ya makasha tisa. Ilikuwa zawadi ya nchi rafiki, na maelezo yake yaliandikwa kwa lugha ambayo hakuna mtu karakana nzima aliyeweza kuisoma. Mhandisi mgeni alikaa wiki tatu akiwafundisha mafundi sita. Kila siku saa nne Euphrasia alipeleka chai, akasimama na sinia lake kuangalia kitufe kipi kinabonyezwa kabla ya kipi. Mhandisi alipoondoka, mafundi sita walikumbuka vitu sita tofauti. Aliyekumbuka mpangilio wote alikuwa mama wa chai.

"Walinikabidhi ovaroli bila kusema hongera," anakumbuka. "Wakanikabidhi na lawama zote humo humo mfukoni."

Leo, mwaka 1981, analipwa shilingi mia saba na ishirini kwa mwezi. Mashine nayo imezeeka. Mnyororo wake bado unalikamata gurudumu la mbele na kulivuta gari polepole katikati ya brashi mbili za pembeni na moja ya juu. Lakini nyuzi za brashi zilizokuja na mashine ziliisha zamani, na ombi la kuagiza nyingine lina miaka miwili likisubiri fedha za kigeni. Euphrasia akanunua katani, akaisuka, akailoweka mpaka ikalainika, akaifunga yeye mwenyewe. Inaosha. Isipolowa vizuri inakwaruza rangi, na hilo humweleza kila mteja kabla hajalipa.

"Mimi siri za mashine yangu nazisema," anasema. "Wao za magari yao wanazimeza!"

Hapo ndipo hasira ya Euphrasia inapolala na kuamkia. Vipuri havipatikani, kwa hiyo magari ya mji huu hayana tena umbo lililotoka nalo kiwandani. Utaona gari dogo limefungwa springi za lori na kusimama juu kama mbuni. Utaona bampa ya chuma cha reli, kioo cha pembeni kilichokatwa kwenye meza ya kujipambia, na ariali ya waya wa nguo. Mafundi wa vichochoro vya Gerezani wanafanya maajabu, na Euphrasia ni wa kwanza kuwavulia kofia.

Tatizo lake si maajabu hayo. Tatizo ni kwamba mwenye gari haoni haya kulibadilisha, ila anaona haya kusema. Wengine wanaogopa kuulizwa kipuri kimetoka wapi. Wengi ni fahari tu. Mtu ameshalipaka gari rangi, amelitia matakia ya kanga, halafu akiri mbele ya foleni kwamba mlango umefungwa kwa kamba? Afadhali afe.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," anasema Euphrasia. "Tena hapa hakimuumbui yeye. Kinaniumbua mimi."

Siri kubwa kuliko zote ni stata mbovu. Sheria ya mashine ni kuzima injini, kuweka gia frii, kuachia breki ya mkono na kutoa mikono kwenye usukani. Sasa mwenye gari lisilowaka mpaka lisukumwe ataizimaje injini katikati ya karakana, kwenye sakafu bapa kama meza? Haizimi. Anaacha gia ndani ili atoke upesi, anakanyaga klachi na kumwomba Mungu.

Bakili alifanya hivyo mwezi Machi mwaka jana. Ni dereva wa teksi, mzaliwa wa Newala, mtu mwema asiyekosa salamu. Aliulizwa kama amezima injini, akajibu amezima. Kelele za maji zikafunika muungurumo. Brashi ya juu ilipogonga kioo cha mbele kwa kishindo, Bakili akashtuka, mguu ukatoka kwenye klachi, na gari likaruka mbele kama limechomwa mwiba. Mkono wa brashi ukapinda. Mashine ililala wiki sita.

"Niliona aibu, dada," anasema Bakili, ambaye leo yumo kwenye foleni, gari la nne. "Nilidhani klachi itavumilia."

"Klachi yako!" Euphrasia anamkata. "Na mimi nani alinivumilia?"

Barua ya onyo ilikuja kwa jina la Euphrasia. Iliandikwa na meneja, Ndugu Benjamini, ikitaja neno uzembe mara tatu. Ilisema mashine ikiharibika tena mikononi mwake, atarudishwa kantini. Kisha meneja akaagiza kibao kikubwa kichorwe mlangoni: MAGARI YOTE YAZIME INJINI. KWA AMRI YA MENEJA.

Euphrasia anasema haogopi kupika chai. Anachoogopa ni kuikabidhi mashine kwa mtu asiyejua kwamba brashi ya kushoto hulivuta gari upande, na kwamba katani hulowekwa tangu saa kumi na moja alfajiri. Zaidi ya hapo, ni kazi yake. Aliipata kwa macho yake mwenyewe, na hayuko tayari kunyang'anywa kwa sababu ya mguu wa mtu mwingine.

Kwa hiyo siku hizi anakagua. Anapitisha ufito, anavuta ariali, anakunja vioo vya pembeni, anagonga bati kwa kifundo cha kidole akisikiliza palipozibwa mashimo kwa pati nene. Kati ya magari kama thelathini kwa siku, anasema, matano tu ndiyo husema kweli. Na amejifunza jambo jingine. Ukitaka kujua gari lina nini, usimuulize dereva. Muulize mkewe.

Gari la pili kwenye foleni ni Volkswagen ya Ndugu Devendra, muuza vitambaa wa Kariakoo. Amevaa shati jeupe lililonyooshwa, maana yeye na mkewe wanakwenda harusini.

"Madirisha yote mazima?" anauliza Euphrasia.

"Mazima kabisa, dada."

Euphrasia anainama upande wa pili. "Shikamoo, mama. Madirisha mazima?"

"Marahaba," anajibu mkewe, Harshida, na kumgeukia mumewe. "Baba Shanta, sema habari ya kandambili."

"Kandambili gani sasa?"

"Iliyoshika kioo changu! Mara ya mwisho kioo kilianguka ndani nikaloa mpaka kiunoni. Leo nimevaa sari ya harusi. Sema!"

Devendra anaangalia usukani kana kwamba ameuona leo kwa mara ya kwanza. Kweli, kioo cha mlango wa kushoto kimeegemezwa kwa kipande cha kandambili kilichokatwa vizuri kwa kisu. Brashi ingekisukuma mara moja tu. Euphrasia anawatoa pembeni na kuwapa ndoo na kitambaa, na Devendra anakunja mikono ya shati lake.

"Kazi nzuri ya fundi," Euphrasia anakiri akikitazama kile kipande. "Sasa kwa nini uifiche?"

Kwa magari ya namna hiyo ana mpango, na ameshauandika mara tatu. Anataka lori mbili za kifusi kishindiliwe kwenye mlango wa kutokea, pawe na mteremko. Gari lisilo na stata likimaliza kuoshwa literemke lenyewe na kuwaka. Pembeni pawe na sehemu ya kuoshea kwa mkono magari yenye keria na madirisha ya kandambili. Mara tatu amejibiwa kwamba ombi lake linashughulikiwa. Nakala ya barua ya nne ameikunja kwenye mfuko wa ovaroli, ndani ya mfuko wa plastiki.

Saa tatu kasoro, honi inalia nyuma ya foleni. Magari yanajibana kulia na kushoto, na gari la meneja linapita katikati.

"Mama Komba, nipitishe upesi," anasema Ndugu Benjamini. "Nina wageni kutoka wizarani saa nne."

Euphrasia anapitisha ufito. Hakuna keria. Anavuta ariali, anakunja vioo. Kila kitu kiko sawa.

"Zima injini, Ndugu Meneja."

"Wewe washa tu mashine."

"Injini kwanza."

"Euphrasia, nimesema nina wageni."

Foleni nzima imegeuza shingo. Hata Devendra ameacha kusugua. Euphrasia anamtazama meneja wake, anautazama mkono wake uliong'ang'ania usukani, na ghafla anaelewa. Gari hili halijawahi kuegeshwa mahali pengine isipokuwa pale kwenye kimteremko cha mbele ya ofisi. Kuna mlinzi wa kuhakikisha mtu mwingine haegeshi pale. Karakana nzima imekuwa ikidhani ni cheo.

Anainama dirishani. "Lina stata?" ananong'ona.

Ndugu Benjamini anatazama mbele. "Ilipelekwa kutengenezwa mwezi wa sita," anasema polepole. "Hawajairudisha."

Euphrasia anasema baadaye kwamba hapo alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Miezi minane! Mtu aliyeandika uzembe mara tatu, aliyechoresha kibao kwa amri yake, amekuwa akiteremka kilima chake kila jioni kama Bakili na wenzake. Angeweza kumpitisha hivyo hivyo, injini ikinguruma. Lakini mguu ukiteleza kwenye klachi, barua ya pili itaandikwa kwa jina gani? Si la meneja.

Ananyoosha ufito kukielekea kibao.

"Zima, Ndugu Meneja. Tutakusukuma."

Injini inakohoa na kunyamaza. Mnyororo unalishika gurudumu, katani inazunguka, maji yanapiga bati, na dakika nne baadaye gari linatoka upande wa pili, linang'aa na limekufa kabisa.

Wa kwanza kuweka bega ni Bakili. Devendra anafuata, na shati lake la harusi, huku Harshida akimpigia kelele kutoka nyuma. Wanasukuma mara ya kwanza, gari haliwaki. Mara ya pili, haliwaki. Sakafu ni bapa, viatu vinateleza kwenye povu, na meneja mwenyewe ameshashuka kusukuma kutokea mlango wa dereva, suruali imelowa mpaka magotini.

Wanapopumzika, Euphrasia anatoa nakala yake kwenye plastiki na kuitandaza juu ya boneti. Ndugu Benjamini anaisoma akihema, anatoa kalamu.

"Lori mbili," anasema.

"Andika tatu, Ndugu Meneja," anasema Bakili. "Hili lako zito."

Watu wanaangua kicheko, na meneja, baada ya kujizuia kidogo, anacheka pia. Anaandika tatu. Sahihi inaloa kidogo kwenye pembe, lakini inasomeka.

Kifusi kimeahidiwa Jumatatu. "Jumatatu ipi hakusema," anasema Euphrasia, akirudisha karatasi mfukoni kwa uangalifu kuliko mtu anayekunja noti. Mteremko ukikamilika, anataka kuwafundisha kazi wanawake wawili wa kantini, ili siku akiumwa mashine isiangukie mikononi mwa mtu wa kubahatisha. Na kile kibao cha amri anataka kukifuta. Mahali pake ataandika swali moja tu: GARI LAKO LINA NINI?

Huku nyuma gari la meneja limewaka hatimaye, linatoka lango kuu likifuka moshi. Euphrasia anaokota ufito wake na kuligeukia gari linalofuata, Datsun ya kijani.

"Haya, wewe. Keria?"

Dereva wa Datsun anatazama moshi wa meneja ukiyeyuka. Anasafisha koo.

"Keria sina, dada. Ila mlango wa kushoto nimefunga kamba. Na waipa moja ni ya mti. Na stata..." Anashusha sauti, kisha anaipandisha tena. "Na stata sina tangu Pasaka."

Euphrasia anasimama na ufito wake hewani. Miaka mitano kwenye kazi hii, na hajawahi kuambiwa yote kabla hajamaliza kuuliza.

"Taratibu, kaka," anasema. "Anza tena. Nakusikiliza."