Maji Baridi Ndani ya Dizeli

Shamte Mfaume hakuacha kuonja mpaka alipoingia kaburini. Chai aliionja kwa ncha ya kidole kabla hajanyanyua kikombe. Mafuta ya taa aliyaonja palepale dukani, mbele ya muuzaji, akatema, akalipa. Maji ya kisima asichokijua aliyaonja na kuyazungusha mdomoni kama mtu anayefikiria neno. Mkewe, Kidawa, alimwambia kwamba ipo siku ataonja sumu, na yeye hatalia matanga ya mtu aliyejiua kwa kidole. Shamte alimjibu kwamba ulimi wake haujamdanganya hata mara moja. Waliomdanganya ni watu.

Mwanahija alikuwa dada yake, baba mmoja mama mbalimbali, mdogo kwake kwa miaka sita. Walikulia Jibondo, kwenye kisiwa cha mawe ambacho visima vyake hutoa maji ya kufulia tu. Maji ya kunywa hutoka ng'ambo, kisiwa kikubwa, kwa chombo. Baba yao aliunda mashua, na babu yao pia, na kila mtu alitazamia Shamte ashike shoka na tezo. Yeye akaenda Tanga, akafanya kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge, akarudi baada ya miaka tisa na mikono myeusi isiyotakata hata kwa Idi. Ushirika ulipopata boti la injini ya dizeli mwaka 1973, hapakuwa na mtu mwingine wa kukabidhiwa. Kazi ya kwanza ya boti hilo ilikuwa kupeleka maji Jibondo.

Aliitunza injini ile kwa ukali. Mtu hakupanda botini na mchanga miguuni. Mwenyekiti wa ushirika mwenyewe, Mzee Othmani, alikataliwa kupanda na tambuu mdomoni, kwa sababu, Shamte alisema, akiona tone jekundu chini ya injini hataki kukaa akijiuliza kama ni kutu au ni mwenyekiti. Watu walicheka, mzee akatema, akapanda. Kwa miaka miwili boti halikukosa safari. Wanawake wa Jibondo walimchagua Mwanahija kusimamia mapipa ya maji na ugawaji wake, na kaka na dada wakawa wameshika kiu ya kisiwa kizima, huyu mwanzo wake na yule mwisho wake.

Mwanzoni mwa mwaka 1975 ikatangazwa kwamba wageni wakubwa watatoka Dar es Salaam kuja kuutazama ushirika. Meneja, Bwana Muhidini, alikuwa kijana wa Baleni, kijiji cha kisiwa kikubwa, mtoto wa watu wa minazi, aliyesoma na aliyependa vitu vilivyopangwa mstari mmoja. Akaamuru mapipa ya dizeli yakatwe katikati, yapakwe rangi ya kijani na nyeusi, yajazwe udongo na kupandwa maua mbele ya ofisi. Yakapandwa. Yakamwagiwa maji asubuhi na jioni, maji matamu, na Mwanahija aliyaona kwa macho yake siku alipokwenda kuomba pipa la nyongeza akaambiwa hakuna. Hasira aliyoondoka nayo siku ile ilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Baada ya kukata mapipa, meneja akakumbuka kwamba dizeli nayo inahitaji pa kukaa. Mwanahija akaletewa cheti chenye mhuri: atoe mapipa manne ya maji kwa matumizi ya ushirika, haraka. Hakikusema matumizi gani. Yeye alidhani ni mapipa ya kuwekea maji ya kupikia wageni, akawaambia wanawake watoe kwa moyo mmoja.

Wakayatoa kama desturi ya Jibondo inavyotaka. Huko maji hayamwagwi chini, hata kikombe kimoja. Na chombo cha maji hakirudishwi kikavu kwa mtu, kwa sababu kumkabidhi mwenzio chombo kikavu ni kumtakia kiu. Kila pipa liliachiwa maji ya kama birika mbili, kizibo kikakazwa. Kwa miaka yote mapipa yalirudi kisimani hivyo na hayakumdhuru mtu. Ng'ambo, mtunza stoo hakutikisa wala kuchungulia. Akapokea mapipa, akayajaza dizeli, akayapanga. Shamte hakuambiwa kitu.

Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini. Bomba la pampu ya mkono halikufika chini ya pipa, kwa hiyo siku kumi za kwanza injini ilikunywa dizeli safi na kuimba. Siku ya kumi na moja pipa la kwanza lilibaki kidogo, wakaliinamisha kama wanavyofanya siku zote wasipoteze tone, wakamimina yote ndani ya tangi. Boti lilikuwa linatoka Jibondo kwenda kuchota, na mapipa ya maji yakiwa na masalio yake tu. Katikati ya mkondo injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazimika. Mashua ya wavuvi ikalivuta boti mpaka Jibondo, likaketi mchangani maji yalipokupwa.

Mwanahija alipofika pwani kuuliza maji yatapatikana lini, alimkuta kaka yake amekwisha kuvua shati.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kaa hapo, usinisemeshe kwanza."

Akakaa juu ya jiwe akamtazama. Alikuwa hajawahi kumwona mtu akikasirika kwa utaratibu namna ile. Shamte alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa nyeusi. Angeikuta nyeupe kama tui la nazi, alimweleza bila kumgeukia, ingekuwa gasketi imepasuka na maji ya kupozea yameingia kwenye oili. Haikupasuka. Akaingiza kidole ndani ya ekzosi kuona kama bahari imerudi kwa mlango wa nyuma. Akakitoa na masizi makavu. Akakagua kifuniko cha tangi, kimekazwa vile vile alivyokikaza, na mpira wake mzima. Mwisho akalegeza skrubu iliyo chini ya filta, akakinga chupa ya soda, akaisimamisha mchangani.

Wakangoja. Ndani ya chupa kitu kikaanza kujitenga. Juu dizeli, chini maji, na katikati mstari mwembamba kama wa rula. Maji yalijaa robo ya chupa.

Shamte akaziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba, akaipindua, akayaacha maji yashuke kwenye kidole. Akaonja. Akatema, uso umemkunjamana kwa dizeli. Akaonja tena.

"Maji baridi," akasema. Ndivyo wanavyoyaita maji ya kunywa huko. "Hayana chumvi hata chembe. Mvua ilinyesha lini mara ya mwisho?"

Mwanahija akahesabu. Wiki saba.

"Basi si bahari na si mvua. Ni kisima cha ng'ambo. Kisima kimeingiaje kwenye dizeli yangu?"

Hapo ndipo Mwanahija alipoelewa. Akamweleza habari ya cheti, mapipa manne, birika mbili za maji katika kila moja. Shamte alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu. Alitukana mara moja tu, tusi ambalo Mwanahija hakulisikia kinywani mwake kabla wala baada, na hakumtukana yeye bali maua.

"Cheti unacho?"

Alikuwa nacho. Akamwonyesha, mhuri na sahihi ya Muhidini.

"Kitunze," Shamte akasema. "Watasema ni mimi."

Wakasema ni yeye. Mkutano ukaitwa siku ya tatu, mbele ya ofisi ya ushirika, watu wameketi chini na maua yamesimama. Wakati huo Jibondo walikuwa wakinywa maji ya debe moja moja yaliyoletwa na wavuvi, na watoto walikuwa wameanza kuharisha kwa kunywa ya visima. Wageni walikuwa wanatarajiwa baada ya wiki moja. Meneja alitaka mtu wa kuandikwa kwenye taarifa, na kila aliyekaa pale alijua kwamba fundi akiandikwa mhujumu, jina hilo halitamtoka tena.

Bwana Muhidini alizungumza vizuri. Boti, alisema, ni mali ya umma. Maji hayaingii kwenye dizeli kwa miguu yake. Ama fundi aliacha tangi wazi bahari ikaingia, na huo ni uzembe. Ama ameyatia kwa makusudi ili kutuaibisha mbele ya wageni, na hiyo ni hujuma. Achague.

Shamte akasimama na chupa yake ya soda. Alisema kwa sauti ndogo, neno moja moja, kama anayepiga misumari. Maji hayo ni baridi. Bahari haina maji baridi. Yametoka kisimani na yameingilia kwenye pipa, si kwenye tangi. Mtu akamwuliza amejuaje kama ni baridi. Akajibu kwamba ameyaonja.

Kicheko kikapita. Meneja akauliza kama siku hizi ushirika utaendeshwa kwa ulimi.

"Onja wewe basi, Ndugu Meneja," Shamte akamwambia, akamnyooshea chupa. "Umesoma. Chumvi utaijua."

Meneja hakuipokea. Nyuma, Bibi Kijakazi wa Jibondo akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, kwamba mtu wa minazi anaijua bahari kwa kuiona ukutani kwenye ramani. Wanawake wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Muhidini akageuza maneno. Vema, akasema, tukubali ni pipa. Mapipa yenye maji wanayo wanawake wa Jibondo. Basi uchunguzi utahamia Jibondo, na mpaka uchunguzi utakapokwisha, boti la umma halitapeleka maji kwenye kijiji chenye wahujumu. Yuko wapi msimamizi wa mapipa?

Mwanahija akasimama. Cheti kilikuwa kimefungwa kwenye pindo la kanga yake, fundo gumu, na mkono wake ulikuwa tayari juu ya fundo.

"Ndugu Msimamizi," meneja akauliza, na alimtazama usoni kama mtu anayefungua mlango kidogo tu, "mapipa yenu ya maji yamepata kutiwa dizeli?"

Alijua. Mwanahija aliona kwamba anajua, na kwamba anamwambia mbele ya watu wote: chagua wewe sasa. Akimfedhehesha kwa cheti, atapata aibu ya siku moja, kisha atakuwa meneja yule yule mwenye boti lile lile, na Jibondo itakunywa nini? Aliwaza watoto waliolala na matumbo. Aliwaza mitungi. Kaka yake alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwake, hakumtaja, hakumwonyesha kidole, hakusema kuna cheti. Alimtazama tu na kungoja.

"Sijui, Ndugu Meneja," Mwanahija akasema, akaketi.

Shamte aliendelea kusimama kwa muda, kama mtu ambaye hajasikia vizuri. Kisha akaimwaga ile chupa kwenye pipa la maua lililokuwa karibu, akaketi na yeye. Mzee Othmani akasoma uamuzi akiwa ameinamisha macho: uzembe na hujuma, fundi aondolewe kwenye vyombo vyote vya ushirika. Alimhurumia Shamte, ilionekana, na Mwanahija aliichukia huruma ile kuliko kitu chochote cha siku hiyo, kwa sababu ilifanana na yake.

Boti likarudi kazini baada ya siku mbili. Fundi aliyeletwa alikausha tangi, akaosha filta, akasafisha nozeli, akamwaga masalio ya mapipa yote manne, jambo kwa jambo kama Shamte alivyokuwa amewaambia. Maji yakafika. Jibondo ikanywa, na Mwanahija akanywa. Mchana ule alipokuwa anapika alifungua fundo, akakitia cheti mekoni chini ya chungu. Alijiambia kwamba anaondoa balaa nyumbani. Hakuamini, hata kilipokuwa kinawaka.

Miaka iliyofuata Shamte alirudi kwenye kazi aliyoikimbia ujanani, akaziba mashua za watu kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa, akiinama chini ya mbao siku nzima. Watoto ambao hawakuwapo mkutanoni walimwita Mhujumu, na wengine walidhani ndilo jina lake. Muhidini alihamishwa, akapandishwa cheo. Boti lilikufa mwaka wa tatu, injini ikapasuka mikononi mwa mtu ambaye hakujua kuonja, na kisiwa kikarudi kuletewa maji kwa mashua za matanga.

Kwa dada yake Shamte hakubadilika kwa jambo lolote ambalo mtu angeweza kulitaja. Aliitika salamu yake. Alikwenda kwenye arusi za watoto wake, na mchuzi akauonja. Alimtengenezea bawaba za mlango. Ila hakumwuliza tena swali lolote, hata la hali ya hewa, na Mwanahija, ambaye angevumilia matusi, hakuweza kuuvumilia ukimya ule uliokuwa na adabu zote. Mara nyingine alimkasirikia yeye. Kwa nini hakunitaja? Angesema kuna cheti, ningelazimika kukitoa. Aliniachia nichague, akijua nitachagua nini, kisha akaninyamazia miaka minane.

Mwaka 1983 kifua kilimlaza Shamte. Kidawa alimtuma mtu kumwita Mwanahija, akafika adhuhuri, akamkuta kaka yake ameegemezwa ukutani, mwembamba, macho makali vile vile. Kidawa akawaachia chumba. Mwanahija akamwamkia, akaitikiwa, kisha akayasema yote bila kupumua: cheti, watoto, maji, jinsi alivyokichoma. Akasema alikuwa hana njia. Akasema kisiwa kizima kilikuwa na kiu, na jina la mtu mmoja haliwezi kupimwa na kiu ya kisiwa kizima, na hata leo angefanya vile vile, na kwamba amekuja kuomba radhi.

Shamte alimsikiliza mpaka mwisho, kama siku ile pwani. Kisha hasira ya miaka yote ile ikapanda usoni pake, na sauti yake, iliyokuwa imebaki kidogo, ikatoka nzima.

"Ungeniomba, Mwanahija, jina langu ningekupa. Mbona ulilichukua?"