Chumba Kikavu cha Jiwe la Mwezini

Shangazi yangu, ambaye kila mtu humwita Mama Funguo, alilinda ukumbi wa mikutano tangu ujana wake, na alilala katika chumba kilichokuwa nyuma ya jukwaa. Paa la chumba hicho lilivuja. Kila mvua ikinyesha alihamisha kitanda, akakohoa, akaenda kumwomba meneja mabati. Meneja akamjibu, "Subira yavuta heri, mama."

Kisha asubuhi moja ikaja habari ya maonyesho ya sayansi ya anga yanayozunguka mji kwa mji. Wenyewe walitaka ukumbi wenye mlango mpana, umeme usiokatika, na chumba kikavu chenye kufuli, cha kuwekea jiwe lililotoka mwezini. Asubuhi ile ile mafundi wakapanda juu ya paa. Kufika jioni chumba kilikuwa na mabati mapya, rangi mpya, hata feni.

Shangazi akampigia meneja magoti. "Mungu akuzidishie, mwanangu!" Na mtu yule asiye na haya akazipokea shukrani zake kwa macho makavu.

Kesho yake wapagazi wakatupa kitanda chake uani, wakaingiza kasha. Jiwe lenyewe halizidi ngumi ya mtoto. Mvua ikaanza.

"Na mimi je, mwanangu?" shangazi akauliza, maji yakimchuruzika.

"Mama, jiwe hili likilowa linaharibika," meneja akasema. "Wewe umelowa miaka yote, umeharibika nini?"

Kisha akanyoosha mkono apewe funguo.