Mafua Tuliyoyaita Salfa

Msimu wa kupulizia mikorosho, kijiji chetu cha Mahurunga kizima kilinuka salfa, dawa ya ukungu, harufu ya yai viza iliyong'ang'ania nguo hata zikifuliwa. Unga wake wa manjano uliwasha macho na kukereketa koo, kwa hiyo kila pua ilichuruzika na hakuna aliyeona haya. Watu walipenga kwa vidole, wakajipangusia ukutani, kisha wakatoa mkono kusalimia. Ukiuliza, jibu lilikuwa moja: salfa tu hii. Naona kinyaa mpaka leo, na anayenitia kinyaa zaidi ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba na mama wakienda shambani, ng'ambo ya bonde, nilibaki na bibi kumbeba mdogo wangu Hamisi, aliyekuwa na miezi minne. Mafua yangu niliyatoa shuleni, kwa msichana niliyekaa naye dawati moja, kabla baba hajafungua mfuko wa kwanza wa salfa. Nilijua. Lakini mama alikataza mwenye mafua kumbeba mtoto, nami Hamisi sikutaka kumwachia mtu. Aliponiuliza, kwa kuwa mchana niliwapelekea chakula shambani, nikasema, "Salfa tu, mama." Kisha nikampangusa Hamisi mate kwa pindo lile lile la kanga nililopengea makamasi.

Siku ya tatu Hamisi akazibwa pua. Akishika titi analiachia, analia, mbavu zinabonyea. Bibi akaweka mdomo puani mwa mtoto, kama walivyofanya bibi wote pale kijijini, akafyonza, akatema kwenye majivu donge la kijani lililovutika kama ulimbo. Akarudia. Nikatapika. Bibi akajifuta mdomo, akanitazama.

"Huyu shambani hajafika. Salfa kaipatia wapi?"

Mama alimkimbiza zahanati. Mganga akasema ni virusi, vinapita kwa mikono na chafya. Vumbi huwasha tu, haliambukizi. Mama hakuniruhusu kumgusa Hamisi mpaka aliponyonya tena, siku mbili baadaye. Bibi naye akalala wiki nzima na homa.

Sasa naishi Magomeni, nina mtoto mchanga, na sabuni iko mlangoni. Juzi Hamisi, mwanaume mzima mwenye mikorosho yake, alikuja kumwona mpwa wake. Akapiga chafya kiganjani, akanyoosha mikono hiyo hiyo ampokee.

"Salfa tu hii, dada."

Nikamvuta mwanangu kifuani, nikamwonyesha mdogo wangu sabuni. Hajui neno hilo lilikaribia kumuua, wala nani alilisema.