Chumvi Kwenye Tuta la Reli

Juzi, nyumbani Ilomba, bawaba ya geti ilikatika mkononi mwangu, imeliwa na kutu pale tunapoegemeza gunia la chumvi ya ng'ombe. Harufu ya kutu na chumvi ikanirudisha Usangu, utotoni.

Masika bonde lilifurika, kwa hiyo baba aliwalambisha ng'ombe chumvi juu ya tuta la reli, kwenye ukavu. Alasiri moja nilishika boliti iliyobana reli. Kichwa chake kikabaki kiganjani. Hapo hapo reli ikaanza kuvuma.

“Baba, ng'ombe wamekula reli!”

“Acha maneno, mama,” baba akaniambia. “Toa ndama!”

Treni ikaja, reli ikacheza, nikafumba macho. Ikapita salama.

Nililaumu ndimi za ng'ombe. Sasa najua ni chumvi, mkojo na maji vilivyoleta kutu. Baba hakujua, kesho yake alimwaga chumvi palepale.