Onyo la Tarehe Kumi na Mbili

Wageni wote wanaofika kwenye kiwanda cha ngozi hufanya jambo moja: wakivuka geti tu, mkono unakwenda puani. Ngozi mbichi hushushwa hapo kutoka kwenye malori zikiwa bado na mafuta na damu, zimepakwa chumvi, zimekunjwa kama magodoro yaliyonyeshewa, na maji yake hutiririka hadi karibu na mlango wa ofisi ya malipo. Ndani ya ofisi hiyo mwanamke mmoja alikaa miaka kumi na tisa, akila mkate wake wa saa nne bila hata kukunja uso. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Kiwandani aliitwa Bi Nukta, kwa sababu ukimpelekea ankara yenye nukta iliyokaa pasipo pake, atakurudishia, hata kama imetoka mkononi mwa Bi Mkubwa mwenye kiwanda.

Ankara zilimfikia za kila namna: za wauza ngozi, za wauza chumvi, za chokaa na dawa za kulainishia. Nyingi zilikuwa na madoa na alama za vidole, na nyingine zililowa hadi akazianika dirishani kwa vibanio vya nguo. Kila moja aliilinganisha na oda na karatasi ya mizani, ndipo akapiga muhuri.

Miaka sita nyuma Bi Mkubwa alikuwa amenunua programu ya kompyuta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu. Ukiipa ankara iliyochapwa vizuri, ilichukua tarakimu zote, ikatazama oda, ikatazama mizani, na kilo moja ikipelea, iliweka mstari mwekundu ikagoma. Ukiipa ankara iliyokwisha kulipwa, iligoma vilevile. Ankara ya mkono haikuisoma kabisa, ikabidi Bi Nukta aichape mwenyewe. Ofisini waliiita Mkaidi. Mwaka wa kwanza Bi Nukta aliitukana kila siku, kisha wakazoeana kama mume na mke wasiosemeshana lakini nyumba inakwenda.

Halafu akaja meneja mpya. Alikuwa mkwe wa Bi Mkubwa, kaoa binti yake wa mwisho. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa haraka, anayeitikia kabla hujamaliza kusema. Siku moja alirudi kutoka kwenye semina ya siku tatu uso ukimng'aa, akaingia ofisi ya malipo na simu mkononi.

"Mama, njoo uone maajabu," alimwambia Bi Nukta.

Alikuwa na msaidizi wa akili bandia, yule wa kuongea naye kwa maandishi. Ukimwomba barua anakuandikia, ukimwomba hotuba ya harusi anakupa, ukimtumia picha ya ankara anaisoma. Meneja akachukua ankara ya mkono kutoka kwenye kamba ya dirishani, mwandiko wake kama kuku kapita, akaipiga picha. Kabla Bi Nukta hajavaa miwani, majibu yalikuwa yameshapangwa kwenye jedwali, na yalikuwa sahihi.

"Ehe! Mkaidi wako anaweza hii?"

"Hawezi," alikiri Bi Nukta. Alikuwa mkweli, na jambo lile lilimpendeza kweli.

"Basi leseni yake ikiisha mwezi huu hatulipi tena. Kwa nini tulipie kitu kinachojua kazi moja, na hapa kipo kinachojua kila kitu?"

Bi Nukta alitaka kuuliza kama huyo anayejua kila kitu anaijua mizani yao, lakini meneja alishatoka.

Wiki ya kwanza kazi ilikwenda kama maji. Kilichomsumbua kilikuwa maneno tu. Kila ankara aliyotuma ilirudi na sifa. "Kazi nzuri sana!" "Swali lako ni zuri mno!" "Nimefurahi kukusaidia!" Bi Nukta hakuzoea kusifiwa na mtu asiyemjua, sembuse na kitu. Alihisi kama muuzaji wa mitumba anamshika mkono sokoni asimwachie. Akakipa jina: Ulimi.

Wiki ya pili ikaja ankara ya ngozi mia moja na kumi, na doa la damu na chumvi limekaa pale pale kwenye safu ya uzito. Huoni kitu. Aliigeuza, akaielekeza kwenye mwanga, akaikwangua kwa ukucha. Hakuna. Akaipiga picha akaituma aone itasemaje. Ulimi ukajibu bila kusita: kilo elfu moja mia nane arobaini.

Aliandika, "Umeziona wapi?"

"Uko sahihi kabisa, samahani kwa mkanganyiko! Uzito ni kilo elfu moja mia nne themanini."

"Una hakika?"

"Asante kwa kunisahihisha! Baada ya kutazama kwa makini, ni kilo elfu moja mia sita arobaini."

Bi Nukta aliiacha simu mezani kama mtu aliyeshika kitu chenye utelezi. Akatoka, akaruka mifereji hadi kwenye kibanda cha mizani, kwa mzee aliyepima malori tangu kiwanda kilipofunguliwa.

"Lori la jana la ngozi mia na kumi, lilikuwa kilo ngapi?"

Mzee wa mizani alilamba kidole, akafungua daftari. "Elfu mbili mia tatu na sita. Kwani ankara inasemaje?"

"Ankara haisemi kitu. Kuna mwenzetu ofisini anayesema badala yake."

Mzee alicheka, Bi Nukta akarudi ofisini. Miaka yote alishika karatasi zenye damu asione kinyaa. Leo alitamani kunawa mikono kwa sababu ya maneno matamu. Mtu akikosea, alijiambia, anaona haya kidogo, sauti inashuka, jicho linakwepa. Kile kitu kilidanganya mara tatu kwa uchangamfu uleule.

Alimpelekea meneja habari hiyo.

"Tatizo ni jinsi unavyouliza, Mama. Ukikiuliza vizuri, kinajibu vizuri."

"Nimekiuliza namba isiyoonekana. Jibu zuri lilikuwa 'sioni'."

"Basi kiambie hivyo," alisema meneja, akanyanyua simu nyingine.

Kwa kweli alikiambia, na kwa kweli kikaanza kusema "sioni" pale pasipoonekana. Ila ilibidi akikumbushe kila asubuhi, maana aliyekifundisha jana leo hakimjui. Bi Nukta akarudia daftari lake la zamani, akawa anaandika humo kila ankara iliyolipwa, kwa kuwa Ulimi haukukumbuka na Mkaidi alikuwa amefungwa.

Mwezi uliofuata mama yake alipasuliwa nyongo katika hospitali ya mji mwingine. Bi Nukta aliomba likizo ya siku nane. Meneja aliitia saini fomu akiwa amesimama, akasema, "Nenda, Mama, pole kwa kuuguza. Huku tutaendesha."

Siku nane alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, ameshika beseni, maana mama yake alitapika kila alipomeza dawa. Mama mwenyewe alimwonea haya. "Mwanangu, matapishi haya, utaugua wewe."

"Mama, mimi nafanya kazi kiwanda cha ngozi. Haya ni marashi."

Mama akacheka akashika mshono wake.

Aliporudi, jambo la kwanza alilofanya ni kulinganisha malipo na daftari. Hakufika mbali. Ankara ya chumvi aliyoilipa siku moja kabla hajaondoka ilikuwa imelipwa tena akiwa hayupo. Muuza chumvi aliileta kwa mkono wa dereva, kisha karani wake akaituma tena kwa barua pepe. Meneja aliipa Ulimi ile ya pili, Ulimi ukaisifu kwamba imekamilika na iko tayari kulipwa, na fedha za malori mawili ya chumvi zikaenda mara mbili. Muuza chumvi alikaa kimya, kimya cha mtu aliyeokota.

Bi Nukta akaandika taarifa ya mistari minne, akaiweka mezani kwa meneja.

Siku ya pili yake alipewa bahasha na ofisa utumishi, ambaye hakumtazama usoni. Ndani ilikuwa barua ya onyo. Ilikuwa na lugha nzuri ajabu. Ilianza kwa kuthamini mchango wake wa muda mrefu. Ikasema kwamba makosa ya kibinadamu hutokea, lakini uzembe wake katika ankara ya chumvi umeisababishia kampuni hasara. Ikamtakia kila la heri katika safari yake ya kujiboresha. Na katikati kulikuwa na mstari huu: "Licha ya onyo la mdomo ulilopewa tarehe kumi na mbili, mwenendo wako haukubadilika."

Aliusoma mstari ule mara tatu. Tarehe kumi na mbili alikuwa ameshika beseni.

Kinyaa kilimshika. Hakukasirika kwanza, hasira ilikuja baadaye. Aliitambua sauti ile. Ni ileile iliyompa kilo za kubuni tatu tofauti, na sasa imembunia kosa, ikaweka na tarehe ili lipendeze. Na binadamu mzima, mkwe wa watu, baba wa watoto wawili, ametia saini chini yake.

Akaenda kwake na barua mkononi.

"Uliisoma hii kabla ya kuitia saini?"

"Niliipitia," alisema meneja.

"Tarehe kumi na mbili ulinionya wapi?"

Meneja akaichukua, akatazama, akairudisha. "Hiyo ni lugha ya kiofisi tu, Mama. Barua za onyo ndivyo zinavyoandikwa. Usiichukulie moyoni."

Hapo ndipo hasira ilipofika. Lakini Bi Nukta hakupiga kelele. Alisubiri Jumanne, siku ambayo Bi Mkubwa huja kukagua ngozi.

Bi Mkubwa alikuwa mwanamke mnene wa miaka sabini, mwenye kuvaa buti za mpira na kushika ngozi kwa mikono mitupu. Bi Nukta alimkuta kwenye mapipa ya chokaa, akamwomba dakika kumi pamoja na meneja. Wakaingia ofisini. Bi Nukta akaweka mezani karatasi tatu: barua, fomu ya likizo, na ukurasa wa daftari.

Bi Mkubwa hakuvaa miwani. "Mkwe wangu, nisomee."

Meneja akaanza kusoma kwa sauti ya kikao. Mchango wa muda mrefu, makosa ya kibinadamu, yote yakapita. Alipofika kwenye mstari ule, akaiteremsha karatasi.

"Endelea," alisema Bi Mkubwa.

"Tarehe kumi na mbili."

"Na hiyo fomu nyingine, nani kaitia saini?"

"Mimi."

"Inasema siku zile alikuwa wapi?"

Meneja aliisogeza fomu pembeni. Nje forklifti ya kupakulia ngozi ilikuwa inapiga honi.

"Hii barua uliandika wewe?"

"Niliiandikisha, Mama. Nilikiambia tu kiandike onyo kuhusu chumvi. Kikajaza."

"Kikajaza," alirudia Bi Mkubwa, akajifuta mikono kwenye aproni kana kwamba barua ndiyo iliyomchafua. "Binti yangu akinieleza siku moja umemwandikia talaka kwa namna hii, sitashangaa." Kisha akamgeukia Bi Nukta. "Unataka nini, mwanangu?"

"Barua itoke kwenye faili langu. Mkaidi arudi. Na fedha zetu za chumvi zirudi."

"Na hicho kingine kitupwe?"

Bi Nukta alifikiri. Angeweza kusema ndiyo, na angefurahi. "Hapana. Kinasoma mwandiko wa mkono kuliko mimi. Kisome, lakini namba zake zipite kwa Mkaidi na kwa mizani kabla ya kulipa. Na barua za watu kisiandike."

Ndivyo ilivyokuwa. Leseni ya Mkaidi ililipwa, pamoja na faini ya kuchelewa. Siku ya kwanza tu alikataa ankara tano, na Bi Nukta akaona mistari myekundu kama anaona ndugu. Muuza chumvi, alipopigiwa simu na Bi Mkubwa mwenyewe, alikumbuka ghafla kwamba alilipwa mara mbili, akaleta malori mawili bure.

Wiki hiyohiyo ofisa utumishi alimletea Bi Nukta bahasha nyingine. Ilikuwa barua ya kuombwa radhi, yenye saini ya meneja. Alisoma mstari wa kwanza: "Napenda kuchukua fursa hii kutambua kwa dhati hisia zako." Akaikunja, akamrudishia.

"Mwambie sijaipokea. Akiwa na neno, mlango wangu anaujua."

Siku tatu meneja hakuonekana upande ule. Siku ya nne alikuja, akasimama mlangoni, akakohoa. Bi Nukta aliendelea kuchapa.

"Mama, ile barua... haikuwa sawa."

"Ya kwanza au ya pili?"

Meneja alitazama viatu vyake. "Zote."

"Nani alikosea?"

"Mimi. Nililipa bila kuangalia, halafu nikatia saini bila kusoma. Niliogopa Bi Mkubwa."

Maneno yalitoka moja moja, hayakupangika, na katikati alilowa jasho. Bi Nukta alimtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kinyaa hakikumtoka, na hakutaka kumdanganya kwamba kimemtoka.

"Nimesikia," alisema.

Meneja alingoja kidogo aone kama kuna jingine. Hakukuwa na jingine. Alipoondoka, Bi Nukta alivuta ankara iliyofuata, ya chokaa, akakuta jumla yake imezidi kwa magunia mawili.